Nyuma ya Jiwe la Mnandi

Gerezani, Mwanza
12 Machi 2023

Kwa Bi. Bernadetta Ishengoma, Afisa Uvuvi,

Sikusalimu, kwa sababu salamu ni dua na mimi sikuombei heri. Naitwa Ally Muharami, fundi mitumbwi wa mwalo wa Nyakabanga. Huenda umeshanisahau. Mimi ndiye uliyeninyooshea kidole mahakamani Novemba iliyopita, ukasema nilimwaga sumu ghubani nikaua samaki elfu nane waliokuwa kwenye vizimba vyenu. Nilipewa miaka mitatu. Nimekula miezi minne tu, kwa hiyo muda wa kuandika ninao.

Ushahidi wako ulikuwa chupa moja ya dawa ya pamba iliyokutwa kibandani kwangu. Nilisema na nasema tena, dawa ile naipaka kwenye mbao zisiliwe na mchwa. Kila fundi wa kanda hii anayo. Hakimu hakutaka habari za mchwa. Alitaka kumsikiliza msomi, na msomi ulikuwa wewe, umevaa koti, unaongea taratibu kama padri.

Siku mlipokuja kunikamata mlichoma mitumbwi yangu mitatu pale pale mwaloni, kwa petroli, watu wote wakitazama. Mmoja ulikuwa haujapakwa hata rangi. Mbao zake nilizilowesha na kuzianika kwa miezi saba, nikitafuta ubao usiopasuka. Ninyi mliimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Nina swali moja tu. Asubuhi ile ya Februari sato wote vizimbani walikuwa wamekufa, matumbo juu. Nje ya vizimba furu walikuwa wamekufa, na sangara wachanga pia. Lakini mke wangu Moza aliokota kambare wazima na kamongo wawili wakubwa pale pale matopeni, hatua kumi kutoka vizimbani. Akawapeleka sokoni wakijipindapinda kwenye ndoo. Watu waliwala na hakuna aliyeumwa tumbo. Wewe mwenyewe ulimpita njiani ukaichungulia ile ndoo. Sumu haichagui, Bi. Ishengoma. Kwa nini kamongo hawakufa?

Usijibu kwa haraka. Nangoja, kwani niende wapi?

Ally Muharami


Nyamagana, Mwanza
30 Machi 2023

Bwana Ally,

Barua yako ililetwa ofisini, ina mhuri wa gereza, nikaifungua wenzangu wakiniangalia. Sitakujibu kama afisa. Nitakujibu kama mtoto wa Mzee Deodatus Ishengoma.

Baba yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili. Alipostaafu alikuwa na shamba la kahawa Kamachumu, alilorithi kwa babu. Mimi ndiye niliyemwambia aliuze aingie kwenye ufugaji wa vizimba, kwa sababu samaki wa ziwani wanakwisha, na nilitaka watu wavune wanaowafuga badala ya kuwamaliza waliobaki. Aliniamini. Vizimba vile vya Nyakabanga vilikuwa vyake na vya wastaafu wenzake wawili. Asubuhi ile alitumiwa picha kwa simu. Jioni upande mmoja wa mwili wake ulikuwa umekufa, na siku ya kumi na tisa ukafuata uliobaki. Tulimzika migombani, kwenye kipande kidogo kilichosalia, maana shamba lenyewe lilikuwa la mtu mwingine.

Msibani mama alisimama mbele ya watu akaniuliza, "Benadeta, nani ameniulia mume wangu?" Nikakutaja.

Na nilikuwa na sababu. Kwenye mkutano wa kijiji ulisimama ukasema vizimba vile vitaondoka kwa heri au kwa shari. Watu hamsini walikusikia. Hukuvitaka pale toka siku ya kwanza.

Ulipotiwa pingu nilifurahi, na sioni haya kukuambia. Mitumbwi yako ilipokuwa ikiungua nilisogea karibu nipate joto lake. Miaka mitatu ni michache. Ningekuwa hakimu ungezeekea humo.

Kamongo na kambare ni samaki wagumu, basi. Na maji niliyapima mwenyewe siku ile ile kwa kifaa. Hewa iliyomo majini ilikuwa ya kutosha kabisa. Usiniandikie tena.

B. Ishengoma


Gerezani, Mwanza
9 Aprili 2023

Kwa Bi. Ishengoma,

Kwa baba yako nakupa pole, na hiyo inatoka moyoni. Mzee mwenyewe nilimfahamu. Alikuja mara mbili mwaloni, akakaa kwenye mbao zangu, tukanywa kahawa. Aliniuliza kama maji ya pale yanafaa. Nikamwambia akamuulize binti yake, kwa sababu mimi nilishakuambia wewe na hukunisikia.

Sasa tufundishane. Humu ndani nina mwenzangu, Luhende, alikuwa mwalimu wa sayansi huko Sengerema kabla ya mambo yake kumharibikia. Ananisomea kitabu cha biolojia kilichochanika jalada. Kamongo si mgumu. Kamongo anapumua juu, anapanda anavuta hewa kama mimi na wewe, na kambare naye anaiweza kazi hiyo. Sato hawezi. Kwa hiyo sato akifa na kamongo akibaki, kilichokosekana majini ni hewa. Hata mtoto wa kidato cha pili analijua hilo. Wewe una shahada mbili.

Kifaa chako hakikudanganya. Ulifika saa ngapi pale? Moza anakumbuka, ilikuwa saa sita, jua la utosi. Yale majani madogo yanayofanya maji kuwa kijani hutoa hewa juani, usiku nayo huivuta. Samaki walikufa kabla hakujapambazuka. Ulikwenda kupima pumzi ya maiti baada ya maiti kuzikwa.

Na lile neno langu la mkutanoni, shari niliyoisema ni ya maji. Ghuba ya Nyakabanga ni mazalia. Sato huingia pale kwenye matete, jike anawabeba watoto mdomoni mpaka waweze kujitegemea, kisha hao wanaondoka, kwa sababu kuna siku maji ya pale hulala. Upepo unakatika wiki moja, hata mbili, maji yanakuwa mazito, halafu unakuja upepo wa nchi kavu unakoroga tope la chini. Samaki aliye huru huyasikia mapema akatoka. Wa kwako walikuwa wamefungwa.

Umeuliza nani aliyemuua baba yako. Ni yule aliyechagua mahali. Kamjibu hivyo mama.

Nitakuandikia kila mwezi mpaka siku ninayotoka, na swali litakuwa lile lile. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Ally Muharami


Nyakabanga
20 Julai 2023

Baba Fadhila, mume wangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima. Fadhila amefanya mtihani wa nusu muhula, amekuwa wa nne, anakusalimia sana. Paa la jikoni lilivuja, jirani yetu Obedi amelipiga viraka bila kudai kitu, Mungu amlipe.

Kuna shughuli ndogo nimeianza na akina mama wenzangu hapa mwaloni. Usiniulize ni nini, ikikaa sawa utaiona ukitoka. Dagaa siku hizi hawatoshi hata kujaza kichanja kimoja, na mtu hawezi kukaa anaimba shida.

Wakili Pius anasema rufaa inatafutiwa tarehe. Anataka kitu kipya cha kuwaonyesha, maana maneno matupu walishayasikia.

Yule afisa alikuja wiki iliyopita. Amekonda mpaka koti linamvaa. Watu wanasema unamwandikia kila mwezi. Kama ni kweli, acha. Nakujua ukishika jambo, huna kula wala kulala. Nataka nikupokee ukiwa bado mtu yule yule.

Wako,
Moza


Nyamagana, Mwanza
2 Oktoba 2023

Mzee Ally,

Shikamoo.

Barua zako tano za baada ya ile ya Aprili zote ninazo. Sikujibu, lakini nimezisoma, na swali lako nalisikia hata nikiwa kanisani.

Samaki waliokufa niliwapeleka maabara. Majibu yalichelewa. Yalifika wiki mbili baada ya wewe kufungwa, karatasi moja tu. Hakuna sumu kwenye nyama, hakuna kwenye mashavu, hakuna kwenye maji. Chini kuna mstari mmoja unaosema samaki walikosa hewa. Niliisoma mara moja nikaificha chini ya nguo zangu, na iko hapo mpaka leo. Nikiitoa, mama ataniuliza tena lile swali, na jina pekee nitakalobaki nalo ni langu.

Sikuandikii kuomba msamaha, maana ningeuomba ungeutupa. Ninaandika kwa sababu vizimba vinarudi Nyakabanga. Safari hii ni kikundi cha akina mama kumi na wawili wa hapo mwaloni. Usiniulize majina, mmoja wao amenisihi nisiyataje. Ghuba imetajwa kwenye kibali kutokana na ramani niliyoichora mimi zamani, na siwezi kuibadili bila kusema kwa nini. Lakini ndani ya ghuba naruhusiwa kuviweka popote. Nimepima, nimechora, na bado sijui. Wewe umezaliwa pale.

Niambie ni wapi ndani ya ghuba ile maji hayalali. Ukiniambia, wiki hiyo hiyo karatasi naipeleka kwa wakili wako. Najua ninavyosikika. Sina njia nyingine ya kujilazimisha.

Bernadetta Ishengoma


Gerezani, Mwanza
15 Oktoba 2023

Binti Ishengoma,

Marahaba. Shikamoo ya mahakamani uliisahau, lakini heshima iliyochelewa nayo ni heshima.

Barua yako nimeifikiria siku nne. Nilitaka kuuliza, hivi uhuru wangu umekuwa kitu cha kubadilishana, nikupe jiwe unipe karatasi? Halafu nikajiambia, Ally, mfungwa hana masharti. Hao akina mama wa mwaloni najua ni wake wa nani, wakubwa wa kijiji hawakosi kwenye kitu kizuri. Hata hivyo samaki hawana kosa.

Kuna mwamba upande wa kusini mwa ghuba, juu mweupe kwa mavi ya mnandi, wale ndege weusi wala samaki. Tunauita Jiwe la Mnandi. Nyuma yake kuna kina kirefu kuliko kwingine, na maji ya pale ni baridi hata wakati wa kiangazi. Weka huko. Vifunge kwa mstari mmoja kutoka jiweni kwenda nje, cha kwanza kikaribiane kabisa na mwamba, kila kimoja kifungwe kwa chenzake ili mawimbi yasivitawanye. Usiniamini kwa mdomo. Kapime alfajiri, mara tatu. Ila fanya kabla ya Krismasi, upepo ukiwa bado unavuma.

Sitakuandikia tena. Tumemalizana.

Ally Muharami


Nyamagana, Mwanza
4 Desemba 2023

Mzee Ally,

Shikamoo. Nimepima alfajiri tatu nyuma ya Jiwe la Mnandi, hewa ni nzuri kila mara. Vizimba vyote kumi na viwili vimekwishafungwa hapo na vifaranga wa samaki wametiwa.

Karatasi nimeikabidhi kwa wakili Pius kwa mkono wangu, na nimemwambia nitasimama mahakamani kuieleza. Rufaa yako imepangiwa tarehe 21 Februari.

Niliwaambia akina mama kwamba mahali pale pamechaguliwa na wewe. Walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama. Nimeona uwe na habari hiyo.

Bernadetta


Nyakabanga
28 Januari 2024

Baba Fadhila,

Assalaam aleikum. Leo naandika nikicheka mwenyewe. Sasa naweza kukuambia ile shughuli yangu, maana wewe mwenyewe umeshaibariki bila kujua.

Nina kizimba. Mimi ni mmoja wa wale kumi na wawili. Nilikuficha kwa sababu nilijua ukisikia nafanya kazi na yule afisa utapasuka, na nilimwomba naye asikuambie. Nimeweka kila nilichokuwa nacho, hata cherehani nimeuza. Halafu Desemba akatuita mwaloni akasema, jamani, mahali pa kuviweka amepachagua Ally Muharami kutoka huko aliko. Nililia, mume wangu. Nikasema, basi changu kiwe cha kwanza. Kiko pale kimeligusa Jiwe la Mnandi. Kinachofuata ni cha bibi Paskazia, yule mjane, halafu cha Jovina, wengine wakafuata kwenda nje. Wote walikitaka kizimba cha kwanza, wakaniachia kwa heshima yako.

Sato wamekuwa kiganja na zaidi. Ukitoka utawala wakubwa.

Huku joto kali. Leo siku ya tano hakuna upepo hata wa kuzima kibiriti, na maji yamekuwa mazito, ya kijani kama mlenda. Afisa anakuja kupima kila Alhamisi, anasema tuwe macho, lakini sisi hatuna hofu, mahali ni pako.

Wako,
Moza


5 Februari 2024

Moza,

Barua yako imekaa kwa wakaguzi, nimeipata leo asubuhi. Hii anaileta Luhende, anatoka leo saa nne, askari hawajaisoma. Isome peke yako kisha uichome.

Kitoe kizimba chako nyuma ya lile jiwe. Usingoje kesho. Mimi na marehemu baba tulizamisha mbao pale miaka mingi nyuma, tukitafuta maji baridi ya kuzilowesha. Zilitoka nyeusi, zinanuka mayai yaliyooza, na hatukurudia tena wala hatukumwambia mtu, maana mteja akijua mbao zimeharibika hanunui. Pale ni shimo. Kila kinachooza ghubani huenda kukaa pale. Upepo ukiwa unavuma huwezi kujua, maji ya juu ni mazuri. Upepo ukilala siku hizo ulizozisema, ukaja ule wa nchi kavu, hapaponi kitu.

Nilipajua nilipomwandikia. Nilimpa mahali pale kwa makusudi. Alinifungia miaka mitatu kwa kosa la maji, nikataka maji yale yale yamfunge yeye. Sikujua kama wewe umo. Wallahi sikujua.

Chukua mtumbwi wa Obedi, nenda kakivute chako peke yako. Wale wengine waache. Sema umesikia tu vibaya, sema umeota, sema lolote. Usimwambie yule binti. Vikifa vile kumi na kimoja kwenye ramani yake na kwenye vipimo vyake, amekwisha, hatasimama tena mbele ya hakimu kumsema mtu. Nimeingoja siku hiyo muda mrefu, Moza. Usiniharibie.

Ally


Nyamagana, Mwanza
22 Februari 2024

Ally,

Jana mahakama ilikuachia, nawe uliniona nilivyosimama. Ulikuwa umeinamisha kichwa, kwa hiyo huenda kuna mtu ambaye hukumwona. Mama yangu alikuwa kwenye benchi la pili. Nilimfuata mwenyewe Kamachumu nikamleta asikie. Niliisoma ile karatasi mpaka mstari wa mwisho, nikasema niliificha, nikasema aliyechagua mahali pa vizimba vya baba ni mimi. Tumerudi nyumbani, tumekula, tumelala, mama hajaniuliza kitu mpaka sasa.

Kazini nimesimamishwa. Ulichokitaka umekipata.

Barua yako kwa mkeo nimeisikia. Aliisoma mbele yetu sote. Asubuhi ya rufaa wakili Pius aliniita pembeni, akaniambia kwamba nikiona vigumu kuieleza karatasi ile baada ya ulichofanya, yeye ataelewa. Alidhani nitaikana. Nilifikiria. Ningekaa kimya ungerudi ndani miaka miwili kasoro, unakula, unalala, ukuta umekuzunguka, na kila atakayekukumbuka atakukumbuka kama mtu aliyeonewa.

Ndiyo maana nilisimama. Usije ukanishukuru. Nilitaka utoke upesi, wakati akina mama wale bado wana hasira.

Bernadetta Ishengoma


Nyakabanga
22 Februari 2024

Ally,

Luhende alifika tarehe sita saa sita mchana. Alikuwa amekosa gari akalala Usagara, barua imelowa jasho. Niliisoma nikiwa nimesimama pale kwenye vichanja. Nilipofika kwenye "wale wengine waache" nikakaa chini kwenye dagaa.

Nilichofanya kwanza nikuambie, usije ukakisikia kwa mwingine. Nilikwenda kwa Obedi kuomba mtumbwi, peke yangu, kama ulivyosema. Nilikuwa nimeshashika kasia. Bibi Paskazia akaniita kutoka kwenye mlango wake, akauliza, "Moza mwanangu, unakwenda kuwalisha? Nilishie na wangu, goti leo limenikataa." Kile cha pili ni chake. Amekopa kwa jina la mjukuu wake.

Nikarudi. Nikapiga filimbi ya kikundi, wakaja wote, nikawasomea barua yako kutoka Moza mpaka Ally. Sikuruka neno. Jovina aliniomba nirudie ile sehemu ya mbao, nikarudia. Halafu tukampigia afisa simu, akaja kwa bodaboda, akaisikia naye. Akavua viatu akasema, "Tufungueni kamba, jua halitungoji."

Ulikwishamwelekeza vifungwe mstari mmoja, kila kimoja kwa chenzake, kwa hiyo haikuwezekana kutoa cha ndani kabla ya cha nje. Mitumbwi ilikuwa minne. Tulivivuta mpaka kwenye mlango wa ghuba, kimoja kimoja, mikono ikachunika. Bernadetta alikuwa majini mpaka kifuani akishikilia nyavu zisijikunje, na ninakuambia ukweli, kama si yeye tusingefikisha hata vitano. Giza lilipoingia tulikuwa tumetoa tisa. Alfajiri upepo wa nchi kavu ukaja. Vilivyobaki ni cha Jovina, cha bibi Paskazia, na changu. Changu kilikuwa cha mwisho kwa sababu mimi ndiye niliyeomba kiwe cha kwanza.

Siwalilii samaki. Nilishalia siku ile ya vigelegele, nikiwa na furaha na mume wangu.

Fadhila ameisoma barua. Nilimkataza, akaisoma. Ameniuliza kama ulipoandika "wale wengine" ulijua mama yake rafiki yake ni mmoja wao. Nimemwambia atakuuliza mwenyewe.

Wakili anasema karatasi zinakamilika kesho asubuhi na utafika huku Ijumaa hiyo hiyo alasiri. Sitakuja kukupokea stendi. Ukishuka, pita moja kwa moja kibandani kwako, pale pa mitumbwi. Tumepafagia. Wanawake watakuwa wamekaa wanakungoja, na barua anayo bibi Paskazia. Usiogope, hakuna aliyebeba fimbo, nimewakagua. Wanataka uichukue mkononi mwake uwasomee wewe, kwa sauti yako, na ukifika kwenye "waache" uwatazame.

Usinitafute nyumbani kwanza. Nitakuwa nimekaa nao.

Moza